Utaratibu wa Kuunda Programu na Ushonwe kwa Kipimo cha Kazi

Mwanafunzi wa somo la kompyuta katika shule ya sekondari akiulizwa jinsi programu inavyoundwa, hujibu kwa kutaja hatua kwa mfuatano wake: kuchunguza tatizo, kukusanya mahitaji, kusanifu, kuandika programu, kuijaribu, kuiweka kazini na kuitunza. Jibu hilo hupewa alama zote. Ni jibu zuri kama vile kutaja sehemu za ua lilivyo jibu zuri katika somo la baiolojia. Linaonyesha kwamba mwanafunzi amesoma. Lakini tofauti ipo, nayo ni kubwa. Ua lina sehemu zake popote liotapo, ilhali hatua za kuunda programu hazikuumbwa. Ziliwekwa na watu, kwa sababu fulani, katika kazi za namna fulani. Azikaririye bila ya kuzijua sababu hizo ataingia kazini na kuzifuata mahali zisipofaa, na hapo hasara haitakuwa ya alama za mtihani.

Hoja ya makala haya ni kwamba hakuna utaratibu mmoja wa kuunda programu ufaao kazi zote, na wala haupaswi kutafutwa. Kila kazi ijengewe utaratibu wake yenyewe, kutokana na vipande vilivyokwisha kutumika kwingine na kujulikana tabia zake. Wazo hili si geni. Lina taaluma yake, vitabu vyake na hata kiwango chake cha kimataifa, na umri wake umepita miaka 30. Lililo geni ni kudai kwamba liingie katika madarasa ya sekondari, na hilo ndilo ninalodai.

Hatua zilitoka wapi

Mwezi wa Oktoba 1968, wataalamu kutoka nchi mbalimbali za Ulaya na Amerika ya Kaskazini walikutana Garmisch, Ujerumani, katika mkutano uliodhaminiwa na NATO. Walikuwa na shida moja: programu kubwa zilichelewa, ziligharimu kupita makadirio, na zilikabidhiwa zikiwa na makosa mengi. Hapo ndipo lilipopata nguvu wazo kwamba uundaji wa programu uwe uhandisi kamili, kama ulivyo uhandisi wa madaraja. Miaka miwili baadaye, mwaka 1970, Mmarekani Winston Royce, ambaye alikuwa na uzoefu wa programu za vyombo vya anga, alichapisha makala yenye mchoro wa visanduku vinavyoshuka ngazi kwa ngazi, kila kimoja kikimwaga matokeo yake katika kinachofuata. Mchoro huo ukaja kuitwa maporomoko ya maji, jina ambalo Royce mwenyewe hakulitumia katika makala yake.

Mchoro ulisafiri mbali kuliko maneno yaliyouzunguka. Royce aliuchora, kisha akaonya papo hapo kwamba kazi ikiendeshwa hivyo ina hatari na hukaribisha kushindwa, kwa kuwa majaribio huja mwishoni, na kosa la usanifu likigunduliwa wakati huo huilazimisha kazi kurudi karibu na mwanzo. Alipendekeza, pamoja na mambo mengine, kwamba programu ya aina mpya iundwe mara mbili, ile ya kwanza ikiwa ya kujifunzia. Dunia ikachukua mchoro na kuliacha onyo.

Si vigumu kuona kwa nini. Hatua zilizopangwa safu huwapendeza watoao fedha, maana kila hatua yaweza kuandikiwa mkataba, tarehe na malipo. Mwaka 1983 serikali ya Uingereza iliamuru miradi yake ya kompyuta ifuate utaratibu uitwao SSADM. Mwaka 1985 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa kiwango chake nambari 2167, ambacho makandarasi wengi walikisoma kama amri ya kufuata maporomoko yale yale. Kilirekebishwa mwaka 1988, na mwaka 1994 kikaondolewa na kuwekwa kingine kilichotoa nafasi zaidi ya kuunda programu kwa awamu.

Kisha upepo ukageuka. Februari 2001 wataalamu 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani, wakatoa ilani fupi iliyotukuza watu kuliko taratibu, programu inayofanya kazi kuliko marundo ya hati, na kuyapokea mabadiliko kuliko kung'ang'ania mpango. Ilani ile ilikuwa sahihi katika mengi. Lakini tazama kilichofuata: taratibu zilizozaliwa kwa kupinga kukariri nazo zikaanza kukaririwa. Leo mtu aweza kuhudhuria kozi ya siku mbili, akatoka na cheti, akaamini kwamba mkutano wa kila asubuhi wa dakika 15 ni nguzo ya dini. Tumebadilisha wimbo tu. Uimbaji ni ule ule.

Kijenzi cha mchakato

Katika mkutano ule ule wa Garmisch, Douglas McIlroy wa maabara za Bell alipendekeza kwamba programu zijengwe kutokana na vijenzi vilivyo tayari, vinavyochaguliwa katika orodha kama fundi achaguavyo sehemu za redio. Pendekezo hilo lilichukua miaka mingi kuzaa matunda, lakini lilizaa. Karibu kila programu iandikwayo leo imejengwa juu ya maktaba za programu zilizoandikwa na wengine. Mwaka 1987 Mmarekani mwingine, Leon Osterweil, akaongeza neno lililozua mjadala mkubwa: kwamba mchakato wa kuunda programu nao ni aina ya programu. Ni maagizo yanayotekelezwa kwa mpangilio, ila watekelezaji wake ni watu pamoja na mashine. Ukilikubali hilo, hatua inayofuata ni fupi. Ikiwa programu yaweza kujengwa kwa vijenzi, mchakato nao waweza.

Mwaka 1992 Kuldeep Kumar na Richard Welke walipendekeza taaluma nzima ya kufanya hivyo. Nchini Uholanzi, Sjaak Brinkkemper na wenzake waliiendeleza, na Frank Harmsen akaitolea tasnifu ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Twente mwaka 1997. Nchini Ufaransa walikuwako Colette Rolland na Jolita Ralyté. Huko Sydney, Brian Henderson-Sellers, akishirikiana na Donald Firesmith. Kwa Kiswahili twaweza kuiita taaluma hiyo uhandisi wa taratibu.

Kijenzi cha mchakato ni kipande cha utaratibu kiwezacho kusimama peke yake, kikaelezwa kwa maandishi, kikawekwa ghalani, kisha kikatolewa na kutumika katika kazi nyingine. Chukua mfano wa visa vya matumizi, vilivyobuniwa na Msweden Ivar Jacobson alipokuwa akishughulikia mitambo ya simu ya Ericsson, na kutangazwa naye mwaka 1987. Badala ya kumwuliza mtumiaji "unataka programu iwe na nini?", mtaalamu humwomba asimulie kazi yake hatua kwa hatua: mkutubi anapoazimisha kitabu hufanya nini kwanza, na nini baadaye, na ikiwa mwazimaji bado ana kitabu cha zamani inakuwaje. Kipande hiki kilizaliwa ndani ya utaratibu mmoja mkubwa, lakini kimetoka humo na kuingia katika taratibu nyingi nyingine, hata zile zisizokubaliana na utaratibu uliokizaa.

Rolland na Ralyté walisisitiza kwamba kijenzi kisiwekwe ghalani kikiwa uchi. Kiwe na maelezo ya mambo mawili angalau: hali ambamo kinafaa, na lengo ambalo hulifikisha. Kadi ya visa vya matumizi ingesema basi kwamba vinafaa pale watumiaji wanapojulikana na wanapoweza kuhojiwa. Kwamba lengo ni kugundua mahitaji. Kwamba hudai muda wa watumiaji na mtu ajuaye kuhoji. Na kwamba hutoa maandishi yasomekayo na asiye mtaalamu, ambayo baadaye yaweza kugeuzwa kuwa majaribio. Kadi njema ingeongeza kwamba havina msaada mkubwa kwa programu ambayo kazi yake ni hesabu za ndani, kwa mfano ya kutabiri hali ya hewa, kwa kuwa mtumiaji wake ana machache ya kusimulia.

Ili vijenzi kutoka mahali mbalimbali viweze kuelewana, panahitajika sarufi. Mwalimu wa Kiswahili ataona jambo hili upesi kuliko mwalimu wa kompyuta. Neno lolote likiingia katika lugha yetu, liwe limetoka Uarabuni au Ureno, hupewa ngeli, na kuanzia hapo viambishi vya sentensi nzima hukubaliana nalo. Wataalamu wa Sydney waligawa vijenzi vyote katika aina tano kuu: hatua za muda, watendaji, kazi zitendwazo, mazao ya kazi hizo, na lugha zitumikazo kuyaandika mazao. Kazi isiyo na mtendaji, au isiyo na zao, ni kama kitenzi kisicho na kiima; mtu atauliza mara moja "nani?". Kiwango cha kimataifa ISO/IEC 24744, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2007, kina mizizi yake katika fikra za namna hiyo.

Kuna chombo kingine cha watu hao wa Sydney ambacho sijapata kukiona kikielezwa kwa Kiswahili, nacho kinastahili. Ni jedwali linaloonyesha uzito wa kila kijenzi katika mradi fulani, likiwa na daraja tano: cha lazima, kinachopendekezwa, cha hiari, kisichopendelewa, na kilichokatazwa. Msomaji aliyepita madrasa atatabasamu, kwa maana hizo ndizo hukumu tano azijuazo tangu utotoni: faradhi, sunna, mubaha, makuruhi na haramu. Sidai kwamba wataalamu wale walizitoa huko. Nasema tu kwamba kwa wengi wetu wa pwani jedwali hilo halihitaji kufundishwa. Linalohitaji kufundishwa ni kwamba hukumu hizo hubadilika toka mradi hata mradi. Katika programu ya kuandikisha vitabu vya maktaba ya shule, kuandika hati ya kurasa 60 za mahitaji kabla ya kuanza ni makuruhi: huchosha, na mkutubi yuko chumba cha pili, aulizwe. Katika programu ya kuendesha mashine ya kutibu saratani kwa mionzi, uchunguzi wa hatari kabla ya kila badiliko ni faradhi, na kuongeza jambo jipya pasipo uchunguzi huo ni haramu. Kipande ni kile kile, kazi ni mbili, na hukumu ni mbili.

Nguo ya mtumba na kitambaa

Wapo wasemao: kwa nini tujisumbue kuunganisha vipande, iwapo twaweza kuchukua utaratibu uliokamilika na kuupunguza? Huko nako ni kulinganisha utaratibu na kazi, na kuna mafanikio yake. Serikali ya Ujerumani, ambayo miradi yake ilikuwa na utaratibu rasmi uitwao V-Modell tangu miaka ya 1990, ilitoa mwaka 2005 toleo jipya, V-Modell XT, ambalo limegawanywa katika moduli na kuweka kanuni za kuchagua moduli zipi zihitajiwe kwa mradi wa aina gani. Ni kazi ya kuheshimika.

Hata hivyo kuna tofauti kati ya kupunguza na kujenga, na fundi cherehani yeyote aijua. Koti la mtumba laweza kufupishwa mikono na kubanwa kiuno, na likapendeza. Lakini halitakuwa kanzu. Mishono yake, mabega yake na bitana yake vilifikiriwa kwa mwili mwingine na kwa hali nyingine ya hewa. Mtu apunguzaye utaratibu mkubwa husumbuliwa pia na hofu: kila kipande anachotaka kukiondoa humwuliza "una hakika?", naye, asije akalaumiwa baadaye, hukiacha. Ndivyo miradi ya watu watano ilivyojikuta na hati zilizokusudiwa kwa watu mia. Ajengaye kutokana na vipande huulizwa swali lililo kinyume: kwa nini umekiweka hiki? Swali hilo ni jema zaidi, kwa kuwa mzigo wa kuthibitisha umekaa upande wake wa haki.

Kuunganisha kwenyewe si jambo la kubandika. Ralyté na Rolland walitofautisha namna mbili. Ya kwanza ni pale vipande visipogusana: zao la kimoja huwa malighafi ya kingine, na kazi ya muunganishaji ni kuhakikisha kwamba zao hilo liko katika sura ambayo kipande cha pili chaweza kuipokea. Ya pili, iliyo ngumu, ni pale vipande vinapoingiliana, vyote viwili vikizungumzia jambo moja kwa namna mbili. Kimoja husema "mtumiaji" kikiwa na maana ya mtu aketiye mbele ya mashine. Kingine husema "mtumiaji" kikiwa na maana ya idara iliyolipia programu. Vikiunganishwa bila ya kulitanzua neno hilo, mkutano wa watumiaji utahudhuriwa na wakurugenzi, na karani atakayetumia programu kutwa nzima hatakuwako. Kosa hili huonekana dogo kwenye karatasi. Kazini huzaa programu ambayo hakuna aitumiaye.

Kijenzi husafiri na masharti yake

Nafika sasa mahali ninapodhani taaluma hii ina funzo kubwa kuliko majedwali yake yote. Tarehe 4 Juni 1996, kombora jipya la Ulaya, Ariane 5, lilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa. Baada ya sekunde kama 40 lilikengeuka, likavunjika na kulipuka. Tume ya uchunguzi ilikuta kwamba sehemu ya programu ya mfumo wa uelekezi ilichukuliwa kutoka kombora lililotangulia, Ariane 4, ambako ilifanya kazi vyema. Ndani yake mlikuwa na agizo la kugeuza namba ya biti 64 kuwa namba kamili ya biti 16. Katika mwendo wa Ariane 4 namba hiyo haikuweza kukua kiasi cha kushindwa kuingia katika biti 16. Katika Ariane 5, ambayo mwendo wake wa upande ulikua haraka zaidi, iliweza. Tena hesabu yenyewe haikuwa na kazi yoyote baada ya Ariane 5 kupaa. Kijenzi kilikuwa kizuri. Masharti yake hayakusafiri nacho.

Kisa hicho ni cha kijenzi cha programu, lakini vijenzi vya mchakato huvunjika kwa namna iyo hiyo, ila bila ya moshi. Chukua kipande kiitwacho mteja wa chumbani, kilichopata umaarufu kwa Kent Beck na mradi wa mishahara wa kampuni ya magari ya Chrysler kuanzia mwaka 1996: mwakilishi wa watumiaji huketi pamoja na waandishi wa programu siku zote, akijibu maswali papo kwa papo. Kina faida kubwa. Sharti lake ambalo halikuandikwa ni kwamba awepo mtu mmoja aijuaye kazi yote, aliye na madaraka ya kuamua, na ambaye idara yake yaweza kumkosa. Katika hospitali ya wilaya yenye mganga mmoja wa zamu, mtu huyo hayupo. Ukikileta kipande hiki bila ya kadi yake, utaletewa karani aliye mgeni kazini, kwa kuwa ndiye pekee asiye na shughuli.

Mfano ulio karibu nasi zaidi, na wenye matumaini, ni wa takwimu za afya. Huko Norway, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, Kristen Nygaard, mmoja wa mabingwa wawili waliobuni lugha ya Simula, alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma ili wafanyakazi wenyewe wawe na sauti katika mashine zilizoingizwa viwandani. Kutokana na kazi hizo kulizaliwa desturi ya Skandinavia ya kuwashirikisha watumiaji katika usanifu. Desturi hiyo ilikuwa na masharti: chama chenye nguvu, sheria zilizomlinda mfanyakazi, na muda wa kazi uliotengwa kwa vikao. Katikati ya miaka ya 1990 watafiti wenye uhusiano na Chuo Kikuu cha Oslo, akiwemo Jørn Braa, waliichukua hadi Afrika ya Kusini iliyokuwa imetoka katika ubaguzi wa rangi, ili kuunda mfumo wa habari za afya wa wilaya. Masharti yale ya Norway hayakuwapo. Wauguzi wengi hawakuwa wamepata kuigusa kompyuta, na kuwauliza wanataka programu ya namna gani kungekuwa kuuliza bure. Basi kipande kikabadilishwa: badala ya vikao, programu ya majaribio iliundwa upesi juu ya Microsoft Access, ikapelekwa, ikatumiwa, ikakosolewa, ikarudishwa ikiwa imerekebishwa, na mafunzo yakawa sehemu ya usanifu wenyewe, kwa kuwa mtu hushiriki kwa kadiri aelewavyo. Mfumo uliotokana na kazi hiyo, DHIS, katika toleo lake la pili ulienezwa Kenya nzima mwaka 2011. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa mshiriki wa mtandao huo kwa miaka mingi, na leo nchi zaidi ya 70 zautumia. Waliofanya kazi ile hawakuiita uhandisi wa taratibu. Lakini walifanya jambo ambalo taaluma hiyo hulihubiri: walishika lengo la kipande, wakaichunguza hali mpya, na wakabadilisha umbo.

Mapingamizi mawili

La kwanza latoka kwa Ken Schwaber na Jeff Sutherland, waasisi wa utaratibu wa Scrum, ambao mwongozo wao husema wazi kwamba Scrum haibadiliki, na kwamba atumiaye sehemu zake tu hatumii Scrum. Nawaelewa. Wamewaona watu wakichukua vipande vilivyo rahisi na kuacha vinavyouma. Wakafanya mkutano wa asubuhi, wasionyeshe kamwe programu inayofanya kazi mwishoni mwa mzunguko. Kuchagua kwa uvivu kupo. Dawa yake, hata hivyo, si kukataza kuchagua, bali ni kumtaka anayechagua aeleze sababu kwa maandishi. Jedwali la hukumu tano hufanya hivyo hasa: aondoaye kipande cha faradhi huonekana.

La pili ni zito zaidi, nami silipingi kikamilifu. Maghala makubwa ya vijenzi yaliyobuniwa vyuoni yametumika kwa uchache mno nje ya vyuo. Kujaza ghala ni kazi ya miaka. Kulitunza ni kazi isiyokwisha. Na kampuni ndogo haina mtu wa kuajiriwa kwa shughuli ya kuunda taratibu tu. Katika hili wataalamu walianguka katika shimo walilotaka kutuokoa nalo, wakaunda utaratibu mzito wa kuunda taratibu. Jacobson huyo huyo wa visa vya matumizi, pamoja na wenzake, alijaribu njia nyepesi zaidi, na kazi hiyo ikawa kiwango kiitwacho Essence mwaka 2014, ambacho hueleza vipande kwa kadi ziwezazo kushikwa mkononi. Kwa maoni yangu kadi zimefaa kuliko ghala. Fundi mzuri hana duka zima la vyuma nyumbani kwake. Ana kisanduku, na anajua kila kilichomo.

Kwa mwalimu na mwanafunzi

Kisanduku hicho chaweza kuanzwa shuleni bila ya kompyuta hata moja. Mwalimu na agawe kadi tupu kwa darasa, kila kikundi kipewe vipande vitatu au vinne: kumhoji mtumiaji, kuchora mchoro wa data, kuunda mfano wa kwanza wa kutupwa, kuandika majaribio kabla ya programu, kupitia programu ya mwenzako, kuendesha mfumo mpya sambamba na wa zamani. Kwa kila kipande kikundi kiandike kinafaa katika hali gani, kinadai nini, kinatoa nini, na lini kinadhuru. Swali la mwisho ndilo gumu, nalo ndilo lisiloulizwa katika vitabu vyetu. Kisha mwalimu alete kazi mbili zisizofanana, moja ya duka la shule na moja ya kuhesabu kura, na kila kikundi kijenge utaratibu kwa kila kazi na kuutetea mbele ya wenzake. Vikundi vitagombana juu ya kuendesha mifumo miwili sambamba. Viachwe vigombane, katika duka la shule ni gharama tupu, na katika kura swali la nani ana haki ya kuiona hesabu ya pili litapeleka somo mbali kuliko mwalimu alivyopanga.

Kuna kikwazo, nacho ni mtihani. Nchini Kenya somo la kompyuta katika KCSE limekuwa na karatasi nzima ya mradi, na mwanafunzi huunda programu yake na kuiandikia ripoti. Ni jambo zuri ambalo nchi nyingine zingeweza kuliiga. Lakini ripoti inaposahihishwa kwa kuwapo au kutokuwapo kwa kila hatua, mwanafunzi mwerevu huandika programu kwanza, kisha hurudi nyuma na kutunga "uchunguzi wa tatizo" na "mahojiano na watumiaji" ambayo hayakufanyika. Tunamfundisha kudanganya kwa mpangilio mzuri. Napendekeza kwamba katika ripoti ya namna hiyo robo ya alama za mchakato itengwe kwa ukurasa mmoja tu: ni vipande vipi mwanafunzi alivichagua, ni vipi aliviacha, na kwa sababu gani iliyotokana na kazi yenyewe. Aliyeacha mahojiano kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye katibu wa klabu atakayeitumia programu, na akasema hivyo, apate alama hizo. Aliyeweka mahojiano ya watu kumi yasiyobadilisha chochote katika usanifu wake asizipate.